Kibarua anayesubiri kuambiwa kila kitu



Leo siongelei mbegu wala viuatilifu. Naongelea watu unaowalipa wakusaidie shambani, maana msimu huu simu nyingi ninazopigiwa ni za malalamiko juu yao.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye majaruba ya mama mmoja huku upande wa Msalala, analima ekari nane za mpunga. Nilimkuta amesimama kwenye tuta, kanga kajifunga kiunoni, anapiga kelele mpaka sauti imekauka. Ndani ya maji kulikuwa na vijana sita na akina mama wanne wanapandikiza. Aliponiona tu akaanza: "Bwana shamba, hawa watu ni wavivu. Nikigeuka kidogo kazi imesimama. Nikienda kula, nikirudi nakuta wamekaa kwenye tuta. Kila kitu mpaka niseme mimi!"

Nikamwambia, "Mayu, hebu tukae hapa kwanza tuangalie."

Tukakaa kama saa moja na nusu. Kijana mmoja kamba yake ya kupimia mistari ilinasa kwenye kisiki. Kuinasua ni kazi ya kuinama mara moja tu. Hakuinama. Alisimama na miche yake mkononi, anatazama huku kwetu. Wa pili akafika pale, naye akasimama. Wa tatu naye. Baada ya muda nikaenda kumuuliza, "Mbona husogezi kamba?" Akajibu taratibu, kama anaogopa kusikika: "Jana niliisogeza nikagombezwa. Mwenyewe ataisogeza."

Sasa fanya hesabu. Watu kumi wa kulipwa kwa siku wakisimama nusu saa tu, umeshalipia saa tano ambazo hazikupanda hata mche mmoja. Na kitalu hakikusubiri. Miche ikivuka sana zile wiki tatu inaanza kuzeeka, na ukiipandikiza ikiwa mizee haitoi machipukizi mengi. Kwa hiyo wale watu kusimama kuna hasara mara mbili, ya hela na ya mavuno. Mama alikuwa anaona uvivu. Mimi nilichokiona ni watu walioacha kujiamini.

KUJIAMINI KWA NAMNA GANI?

Tukisema mtu anajiamini, wengi tunafikiria yule anayeongea sana kijiweni. Simaanishi huyo. Kuna kijana anajua kila kitu cha Simba na Yanga, ukimpa bomba la mgongoni apulizie dawa mikono inatetemeka. Na kuna mama haongei neno siku nzima, lakini mpe mundu uone.

Aliyelifafanua hili vizuri ni mtaalamu wa saikolojia aliyeitwa Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Mwaka 1977 aliandika kwamba kinachomfanya mtu aanze kazi, aikomalie na asikate tamaa ikiwa ngumu, ni jibu analojipa ndani yake kwa swali moja: kazi hii hapa, ninaiweza? Si "mimi ni mtu bora". Ni kazi hii. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kujiamini kabisa nyuma ya ng'ombe wa plau na asijiamini hata kidogo mbele ya mashine ya kupura.

Bandura alifanya majaribio na watu waliokuwa wanaogopa nyoka kupita kiasi. Hakuwahubiria. Aliwasogeza hatua kwa hatua: kwanza kumtazama nyoka kwa mbali, kisha kusimama karibu, kisha kumgusa kwa glovu, mpaka mwisho wanamshika. Kilichomshangaza ni kwamba baadhi yao walirudi wakasema hata mambo mengine ya maisha sasa wanayakabili vizuri zaidi. Sisi huku Usukumani tuna Bayeye, watu wa nyoka, ambao wamefundishana kushika nyoka miaka mingi kabla hata Bandura hajazaliwa. Mwanafunzi wa Bayeye hakai darasani. Anakaa na anayeshika.

Bandura akasema imani hiyo inatoka sehemu nne. Ya kwanza, na yenye nguvu kuliko zote, ni kuifanya kazi mwenyewe na kuona imekubali. Ya pili ni kumwona mtu wa aina yako akiiweza. Ya tatu ni maneno ya mtu unayemwamini. Ya nne ni mwili wenyewe: njaa, uchovu, hofu.

Hiyo ya nne usiipite haraka. Mwezi wa kwanza na wa pili huku kwetu ghala nyingi zimekwisha. Kibarua anakuja saa kumi na mbili asubuhi hajala, na jana usiku pengine amekula kidogo ili watoto washibe. Akiingia kwenye maji anasikia magoti yanalegea. Yeye hasemi "nina njaa". Anajisemea, "kazi hii siiwezi." Kikombe cha uji saa moja asubuhi kinaweza kukupa kazi ambayo maneno yako ya saa nne hayataipata.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nisionekane nawasema wakulima tu. Miaka yangu ya mwanzo kazini tulikuwa na shamba darasa la mpunga, na kuna kijana mmoja alikuwa anafanya kazi pale. Huyu kijana alikuwa anayajua maji kuliko sisi wote. Alikuwa anatembea juu ya tuta anakwambia, "hapa patavuja kesho", na kesho panavuja kweli.

Siku ya kupandikiza mstari wake ukaenda kombo. Mimi, na cheti changu kipya, nikaingia ndani ya jaruba mbele ya watu kama ishirini, nikang'oa mstari mzima, nikaupanda upya kwa mikono yangu huku naeleza. Watu wakacheka. Nilidhani nafundisha.

Tangu siku ile yule kijana hakugoma wala hakuchelewa kazini. Alibadilika kitu kimoja tu: alianza kuuliza kila jambo. "Nifungue maji, afisa?" "Nianze upande huu, afisa?" Mimi nikafurahi, nikaona amekuwa na nidhamu. Kisha usiku mmoja ikanyesha mvua kubwa. Yeye ndiye alikuwa analala karibu na shamba, na mlango wa kutolea maji alikuwa anaujua. Hakwenda kuufungua. Asubuhi tukakuta miche iliyopandikizwa siku mbili nyuma inaelea. Nilipomuuliza kwa hasira kwa nini hakufungua, alinijibu: "Hukuniambia, afisa."

Nilimkasirikia yeye kwa miaka. Nimechelewa sana kuelewa kwamba lile jibu nilikuwa nimelipanda mimi mwenyewe, siku ile ya mstari.

Msimu haukuisha akawa ameondoka kwenda Geita, kama wengi.

WANAKIMBILIA NINI MACHIMBONI?

Kila mkulima wa Kahama, Msalala, Mbogwe na Geita analijua hili. Ukitangaza kazi ya kupalilia vijana hawapatikani, lakini ikisikika tetesi kwamba kuna mahali mawe yanatoa, kijiji kinabaki na wazee. Na yule yule uliyemwita mvivu kwenye mahindi, ukimkuta Nyarugusu au Mgusu anashuka kwenye duara usiku, anachimba mpaka alfajiri.

Tunasema ni hela. Hela ni kweli. Lakini kwenye maduara mengi ya wachimbaji wadogo mchimbaji halipwi mshahara kabisa. Mwenye duara anamlisha, na malipo yake ni mgao wa mifuko ya mawe siku mawe yakitoka. Kuna watu wanakaa miezi hawajapata kitu, na hawaondoki. Kwa nini?

Bandura alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kimoja ni kuamini kwamba "kazi hii ninaiweza". Kingine ni kuamini kwamba "kazi hii ikifanyika, kitu kitatoka." Mchimbaji hicho cha pili anacho tele, hata kama ni bahati nasibu: leo tutapata. Na hicho cha kwanza anakipata kwa ngazi. Anaanza kubeba mifuko, kisha anawekwa kwenye winchi, kisha anashuka chini na mwenye uzoefu, na kila hatua wenzake wanaijua. Dhahabu ikipatikana inapimwa kwenye mzani mbele ya macho. Ndiyo maana masoko ya madini, yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 na Geita ikiwa miongoni mwa ya mwanzo, yalipokelewa vizuri na wachimbaji wengi: mtu anaona uzito wake na bei yake.

Sasa mlinganishe na kibarua wako. Anapalilia leo, anaondoka. Hajui lile shamba lilitoa gunia ngapi. Hajui kama mstari wake ulizaa kuliko wa jirani. Mwaka ujao anaanza tena kama mgeni. Akivuna anashindiliwa lumbesa na kuambiwa ni gunia moja. Huyo ataamini nini?

Sisemi machimboni ni kuzuri, msininukuu vibaya. Nimewaona waliorudi bila kitu, na nimeona waliorudi na vifua vibovu kwa ajili ya vumbi. Wengine hawakurudi. Ninachosema ni kwamba mgodi mdogo, pamoja na ubaya wake wote, unampa kijana vitu viwili ambavyo sisi wenye mashamba tunamnyima bure kabisa: ngazi ya kupanda, na matokeo ya kuona.

Yule kijana wangu wa maji nilikutana naye Katoro miaka mingi baadaye. Anaangalia karasha za kusaga mawe. Tulikuwa tunaongea, akanyamaza ghafla, akainua kidole, akasikiliza. Akaenda akazima injini moja kabla haijaharibika. Hakuna aliyemwambia azime.

KAZI YA MOYO

Watafiti wana maneno yao ya kumweleza mfanyakazi wa namna hiyo. William Kahn, Mmarekani, aliandika mwaka 1990 baada ya kuwachunguza wafanyakazi wa kambi ya vijana na wa ofisi ya wasanifu majengo. Aliona mtu anaingiza nafsi yake kazini akiona kazi ina maana, akiwa salama kujitokeza bila kuaibishwa, na akiwa na nguvu za mwili na akili za kuifanya. Ikikosekana moja, anaingiza mikono tu, nafsi anaiacha nyumbani. Ukitaka kuona kanuni ya pili ikivunjwa, rudi ukasome ule mstari nilioung'oa.

Wenzao wa Uholanzi wakaja kuipima hali hii kwa mambo matatu: nguvu anayokuja nayo mtu kazini, kujitoa kwake, na kuzama kwenye kazi mpaka asione muda unavyokwenda. Utafiti wao mmoja uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata wafanyakazi kwa mwaka mmoja na nusu. Ulionyesha kwamba wenye imani na uwezo wao, na wanaofanya kazi mahali penye msaada, ndio waliokuja kuwa na moyo wa kazi. Na wenye moyo wa kazi, nao baadaye imani yao ikaongezeka. Yaani vinalishana, kama samadi na mahindi: mahindi yanampa ng'ombe mabua, ng'ombe anarudisha samadi shambani.

Jambo hilo lina upande wa pili, na ndio uliompata mama wa Msalala. Mtu asiyejiamini hafanyi, asipofanya anagombezwa, akigombezwa anajiamini kidogo zaidi ya jana. Kila siku ya kelele inainunua kelele ya kesho.

SASA UFANYEJE?

Wengi mkisikia haya mnakimbilia kusifia. "Hongera, mnafanya vizuri!" Sifa si mbaya, ila ni ya tatu kwenye ile orodha, na ikiwa ya uongo watu wanaijua mara moja. Anza na ya kwanza. Mpe kazi ndogo ambayo ataiona mwenyewe kwamba imekubali.

Chukua kupulizia dawa. Kibarua wengi hawajui kiasi cha dawa kinachoingia kwenye bomba la lita 16, na wanaona aibu kuuliza. Anamimina kwa macho, anazidisha, anaunguza zao au anajiumiza mwenyewe. Badala ya kumpigia kelele, fanya naye hivi siku moja kabla. Pima mraba wa mita 10 kwa 10. Jaza bomba kwa maji matupu yasiyo na dawa, mwache apulizie mraba ule kwa mwendo wake wa kawaida, kisha mpime ametumia maji kiasi gani. Akitumia lita 2, basi ekari moja, ambayo ni kama miraba 40 ya namna hiyo, itamla lita 80. Hizo ni bomba 5. Kisha msome pamoja kibandiko cha dawa: kinasema kiasi gani kwa ekari? Gawanya kwa 5, ndicho kiasi cha kila bomba. Hesabu aifanye yeye, kwa fimbo kwenye vumbi. Wewe nyamaza, hata akikosea mara ya kwanza.

Nimefanya zoezi hili na watu ambao hawakumaliza darasa la saba. Akishaipata ile 5 kwa miguu yake mwenyewe, hatakuuliza tena, na hatakubali mtu mwingine amimine kwa macho mbele yake. Anakuwa mwalimu.

Au chukua kupandikiza. Ukitumia nafasi ya sentimita 20 kwa 20, mita moja ya mraba inapaswa kuwa na mashina 25. Tengeneza fremu ya vijiti yenye mita moja kila upande, uwape wao. Waitupe wenyewe ndani ya jaruba, wahesabu. Wakipata 16, wanajua wamepanda wazi mno kabla hujafungua mdomo. Wakipata 25 au 26, uso unabadilika. Kipimo kikiwa mkononi mwa bosi kinakuwa fimbo, kikiwa mkononi mwa kibarua kinakuwa kioo chake. Vitu vyenyewe ni vijiti vinne tu.

Jambo jingine ni kumpa mtu eneo lake. Jaruba hili ni la fulani na fulani, tangu kupandikiza mpaka kuvuna: maji yake, magugu yake, ndege wake. Siku ya kuvuna lipime peke yake na mwambie limetoa kilo ngapi. Ukiweza, weka kitu kidogo juu ya kilo zinazozidi kiwango mlichokubaliana, na mkubaliane mwanzoni, si mwishoni. Baadhi ya kaya zetu zinamlipa mchungaji ng'ombe baada ya kumaliza mwaka, na wote tumeona mchungaji wa namna hiyo anavyomjua kila ndama. Mpunga nao unakubali.

Hiyo ya pili, ya kumwona mwenzako, usiilete kwa kumwita mtaalamu kutoka mjini. Mtu akiniona mimi napandikiza vizuri anasema, "huyo kasomea." Akimwona jirani yake, mama wa watoto watano, hana uwezo wa kusema hivyo. Shamba darasa limejengwa juu ya hilo tangu lilipoanza kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989. Na wazee wetu waliokuwa wanalima kwa safu na ngoma, wale wa bugobogobo, walikuwa wanajua. Ukiwa kwenye safu unaliona jembe la wa kulia kwako na la wa kushoto, na wote ni watu kama wewe.

Na akina mama. Kwenye mashamba mengi wao ndio wapandikizaji hodari, lakini msimamizi anawekwa mwanaume hata kama ameanza juzi. Kisha tunashangaa wanakaa kimya wakiona kosa. Wamekaa kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Jambo la mwisho la vitendo nimeliazima migodini. Kwenye migodi mikubwa ya kisasa duniani kuna utaratibu kwamba mfanyakazi yeyote, hata wa mwisho, akiona hatari anaruhusiwa kusimamisha kazi. Wape vibarua wako ruhusa kama hiyo kwa mambo mawili matatu na uyataje wazi: maji yakizidi tuta, fungua. Upepo ukigeuka wakati wa kupulizia, acha. Kamba ikinasa, inasue. Akifungua maji kimakosa siku moja, meza hasira. Ukimgombeza siku hiyo, ile ruhusa imekufa.

WATU WA SHINYANGA TUMEWAHI KUYAONA HAYA

Kuna atakayesema hizi ni nadharia za Wazungu. Haya, njoo nyumbani. Miaka ya 1980 mkoa huu ulikuwa unaitwa jangwa la Tanzania. Miti ilikuwa imekatwa tangu enzi za mkoloni kwa ajili ya kufukuza mbung'o, ikakatwa tena kwa ajili ya pamba, kisha watu wakahamishwa kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wakayaacha maeneo yao. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni uliegemea sana vitalu vya miti na maelekezo ya wataalamu, na mambo hayakwenda kwa kasi. Kilichogeuza hali ni pale wataalamu walipokubali kuuliza: ninyi wenyewe zamani mlikuwa mnafanyaje?

Jibu lilikuwa ngitili. Kila mzee alikuwa analijua: unafunga eneo la malisho wakati wa masika, unalifungua kiangazi, na ndani yake miti inajiotea yenyewe. Hakuna mtu aliyehitaji kufundishwa. Alihitaji kuambiwa kwamba anachokijua kina thamani, na kupewa mamlaka ya kukifanya, kaya kwa kaya na kijiji kwa kijiji kwa sheria zao wenyewe. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Watu wale wale. Ardhi ile ile.

LAKINI USIDANGANYIKE

Kujiamini hakujazi tumbo. Ukimchelewesha kibarua malipo yake halafu ukaniita nije niongee naye habari za kujituma, sitakuja. Mtu mwenye uwezo na anayejua uwezo wake ndiye wa kwanza kuondoka akidhulumiwa, maana anajua kwingine atapokelewa.

Na kujiamini bila kifaa ni hatari. Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji walifukiwa chini, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Dunia nzima ilistaajabu, na kweli walikuwa mashujaa. Lakini hakuna kujiamini kunakozuia mwamba. Shambani ni vilevile: anayesema "dawa hii nimeizoea, hainifanyi kitu" na anapulizia kifua wazi, huyo anajiamini mahali pasipotakiwa. Imani nzuri ni ile iliyopimwa na kazi, ndiyo maana nawapa watu vijiti vya kupimia.

Kuna msomaji aliniuliza: "Nikimwachia akaharibu je?" Ataharibu kidogo. Ndiyo sababu nasema anza na jaruba moja, usianze na shamba zima. Na usimpe la mbali kabisa ambako hutafika, wala lile la barabarani ambako kila mpita njia atamcheka.

Mama wa Msalala alikubali kwa shingo upande. Aliwagawa wawili wawili, kila jozi jaruba lake, akawapa kamba zao na fremu ya vijiti. Juzi nilipita. Jozi tatu zinakwenda vizuri, moja ya akina mama wawili imepata mashina 25 karibu kila inapotupa fremu, na sasa wenzao wanakwenda kuangalia kwao badala ya kumwangalia mwenye shamba. Jozi moja bado inasuasua, tumekubaliana kuwachanganya. Na kijana mmoja ameondoka kwenda Nyarugusu.

Nilimuuliza mama yule aliyesimama na kamba siku ile yuko wapi. Akanionyesha kwa kidevu. Alikuwa ndani ya jaruba lake, ameinama, anaziba panya alipotoboa tuta. Mama akataka kumwita amwambie kitu, kisha akaacha.